Ruhusa ya Kufunga Duka

Wateja wangu walikuwa wakilalamika kwamba benchi linayumba. "Mama, hili benchi lako siku moja litatumwaga." Nami nawajibu, "Kaa vizuri, benchi halina kosa." Lilikuwa benchi la mbao, kazi ya fundi mmoja wa Majengo, nililinunua nilipofungua duka la maziwa pale Kiboriloni, karibu na soko. Ndani kulikuwa na friza, jiko la gesi, meza ndefu na hilo benchi, basi. Asubuhi watu wanakunywa maziwa ya moto na chapati, mchana wanataka mtindi wa baridi, jioni wanabeba ya watoto kwenye chupa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza tangu alfajiri mpaka nafunga. Benchi nililifuta kila siku kwa kitambaa, lakini kulikalia, sikuwahi. Nikae saa ngapi?

Wenye biashara wakihojiwa redioni husema walianza na ndoto. Mimi nilianza na hasira. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya bwana mmoja aliyekuwa akipandisha watalii mlimani. Mama yangu alipofariki niliingia kwa bwana huyo kuomba ruhusa. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Akaniuliza, "Utarudi lini?" Hakusema pole. Kwetu hata adui yako akifiwa unampa pole kwanza, ugomvi mtaendelea nao baadaye. Nilikwenda nikamzika mama, nikarudi siku aliyotaka yeye, nikafanya kazi kimya mpaka mwisho wa mwezi, kisha nikamwachia funguo zake mezani. Niliapa kwamba sitamwomba tena binadamu ruhusa ya kitu chochote.

Basi nikawa bosi wa nafsi yangu. Acha nicheke.

Ng'ombe hajui Pasaka wala Krismasi. Anakamuliwa kila siku, na kilichokamuliwa leo hakingoji kesho. Umeme ukikatika, bosi anakimbia kutafuta barafu. Bwana afya akija, bosi anasimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa. Mteja akikuta chapati zimeisha, bosi anaomba msamaha. Nikiumwa, nafungua. Nikifiwa, nafunga asubuhi na mchana nafungua, maana maziwa yako mlangoni yananisubiri. Wenzangu niliowaacha kule ofisini walikuwa wakipita dukani na kuniambia, "Wewe umeula, huna wa kukutuma." Nikiwatazama nilitamani kuwarushia mwiko.

Lakini sitaki kusema uongo. Nililipenda. Nilipenda kufungua kufuli langu asubuhi wakati ukungu bado umelala barabarani, na kujua kwamba hakuna mtu nyuma yangu anayetazama saa. Nikichelewa, nimejichelewesha. Nikiunguza maziwa, ni yangu nimeyaunguza. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wamesoma wakaenda zao, mmoja Arusha, mwingine Dar. Nilichobaki nacho ambacho ningeweza kukinyooshea kidole nikasema hiki ni changu kilikuwa lile duka.

Maziwa yenyewe niliyapata kanisani, tena si kwa maombi. Kwetu Old Moshi, huko juu ya Kiboriloni, tuna desturi ya sadaka ya mazao. Asiye na fedha analeta alichonacho, mkungu wa ndizi, mayai, kuku, chupa ya maziwa, na ibada ikiisha vitu hivyo vinanadiwa pale nje. Mimi wakati ule nilikuwa nikipanda kusali nyumbani, na kila chupa ya maziwa ikisimamishwa, nainua mkono. Watu wakafikiri nimepata fedha za watalii. Wifi yangu, mke wa kaka yangu anayekaa kwenye kihamba, shamba la migomba la wazazi wetu, akanivuta pembeni.

"Wifi, unanunua maziwa mnadani kama mtu asiye na kwao?"

"Nifanyeje, nina duka na sina ng'ombe."

"Una mimi," akasema. "Niachie."

Wifi yangu alikuwa kiongozi wa akina mama wa usharika. Alijua ng'ombe wa nani kazaa, wa nani kakauka, na mama gani ana maziwa mengi lakini ana aibu ya kuyauza. Haikupita hata mwezi, wanawake wakaanza kuleta ndoo getini kwake kila alfajiri. Alikuwa anachuja, anaonja, na akigundua mtu ametia maji, anamrudisha kwa utani: "Mama, leo ng'ombe wako kanywea mfereji gani?" Utani ule uliuma kuliko tusi. Kisha bodaboda mmoja anafunga galoni nyuma ya pikipiki na kunishushia.

Galoni na ndoo nazo hazikurudi juu tupu. Hiyo haikuwa hekima ya biashara, ni malezi tu. Chombo cha mtu ukikirudisha kitupu, kwetu watakusema mpaka wajukuu zako wasikie. Nilitia pakiti ya chumvi, mche wa sabuni, majani ya chai. Mmoja wao akijifungua, napanda na mtori wa ndizi kumwona mzazi. Akifiwa, napanda na sukari, nakaa matanga, naosha vyombo. Mwanawe akibarikiwa kanisani, nipo. Akiuguliwa, nipo. Sijui nilipanda mlima ule mara ngapi nikiwa na magoti yanayolia. Nilikuwa nikichoka kwa kazi, na nikishafunga duka nikichoka kwa watu. Lakini maziwa yalishuka kila siku, miaka na miaka, na hatukuwahi kuandikiana chochote.

Halafu likaja lile gari.

Lilikuwa gari jeupe lenye tangi la baridi mgongoni, la kampuni moja mpya ambayo haikudumu hata tukalizoea jina lake. Lilipanda mpaka getini kwa wifi. Lilichukua maziwa yote, ya asubuhi na ya jioni, na lilileta pumba za ng'ombe. Mimi ya jioni sikuwa nachukua, sikuwa na pa kuyaweka. Haya, nielewe, ningekuwa mimi ni mama mwenye ng'ombe wawili na ndoo ya jioni inayoishia kwa ndama, ningefanya nini? Naelewa. Nilielewa hata wakati ule. Kilichonichoma ni kwamba hakuna aliyeniambia.

Nilikaa na sufuria juu ya jiko, maji ya chapati yamechemka, bodaboda haonekani. Nikampigia. Akasema, "Mama, huku juu leo hakuna mzigo. Hawajakwambia?" Nikampigia wifi. Simu inaita, haipokelewi. Wateja wamejaa, benchi linagonga sakafu, ko, ko, ko. Nikawaambia hakuna maziwa. Mzee mmoja fundi viatu, ambaye alikunywa kikombe chake pale kila siku ya Mungu, akaniuliza, "Ng'ombe wamegoma?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliingia nyuma ya friza nikalia, kisha nikanawa uso nikaenda kutafuta maziwa.

Nikaanza kununua ya tambarare, yanayoletwa na wafugaji wa huko chini. Si mabaya, lakini yanafika yamechoka kama mimi. Yakichelewa kidogo tu yanakatika jikoni. Mtindi wangu ukabadilika, na mteja wa mtindi humdanganyi. Wakaanza kupungua, kwa adabu, wakinisalimia vizuri wanapopita kwenda kwingine.

Binti yangu wa Dar akaniandikisha kwenye semina ya wajasiriamali, ukumbini, mjini. "Mama, tatizo lako huna mtandao," akaniambia kwenye simu. Nikaenda. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye suti ya bluu, mchangamfu, simlaumu. Akatufundisha kwamba konekisheni ndiyo mtaji. Kisha akatuagiza kila mtu asimame, ageukie mtu asiyemjua, na ndani ya dakika moja ajieleze yeye ni nani na anauza nini. Niligeuka nikakutana na mama mmoja mwenye kitenge. Nikamwambia shikamoo maana alinizidi kidogo, akaitikia marahaba, habari za nyumbani, nzuri, watoto, hawajambo, wewe ni wa wapi, Old Moshi, ah, Old Moshi ipi, mimi nimeolewa hapohapo Kilema, kaka yangu alioa kwenu. Kengele ikalia. Dakika imeisha, tupo bado kwenye salamu, na wala sikujua anauza nini.

Kijana akatucheka. "Akina mama, mtakosa fursa kwa salamu!" Ukumbi mzima ukacheka. Nilikaa chini nikiwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani. Nilirudi na kadi nyingi za watu kwenye pochi. Nzuri, zinang'aa. Hakuna hata moja iliyokuwa na ng'ombe.

Hapo ndipo nilipoamua kufunga. Nasema niliamua, lakini lilikuja lenyewe, asubuhi moja ya masika, mvua inanyesha, mtu wa tambarare amepiga simu kwamba barabara imekatika na maziwa hayaji. Badala ya kukimbia huku na huku, nilirudi kitandani. Nililala mpaka jua. Nilipoamka nilidhani nimekufa, kwa jinsi mwili ulivyokuwa umetulia. Nikajiambia, mwezi wa sita baridi ikianza, nauza friza, namrudishia mwenye nyumba chumba chake, basi. Nimefanya vya kutosha.

Na watu wote walinielewa! Hilo ndilo lililonifurahisha. Kila niliyemwambia alisema, "Pole mama, wamekuangusha hao wa kwenu." Hakuna aliyesema nimekata tamaa, wala kwamba nimezeeka. Walisema nimeangushwa. Maana mtu kama mimi, aliyejigamba kwamba hatumwi na mtu, angefungaje duka kwa sababu tu amechoka? Angesema nini? Lakini aliyesalitiwa na ndugu zake anaruhusiwa kufunga. Nilimkasirikia wifi yangu kila siku, kwa bidii, maana ile hasira ilikuwa mkeka wangu wa kupumzikia.

Masika hayohayo yakalimaliza lile gari. Barabara ya kwetu ikinyeshewa ni utelezi mtupu. Likakwama mara ya kwanza, vijana wakalisukuma. Likakwama tena. Halafu likaacha kupanda, na kampuni nayo ikaacha kupokea simu. Kule juu maziwa yakajaa. Ndama wakanywa mpaka wakaharisha, watu wakagandisha mtindi mpaka vibuyu vikaisha, na bado kila alfajiri ng'ombe anataka kukamuliwa. Habari hizo nilizipata kwa bodaboda. Nikasema, "Vizuri." Nilitamka hivyo, vizuri, na moyo ukanifurahi. Kisha usingizi wa siku ile haukuwa mtamu.

Wifi alikuja dukani mwezi wa sita, siku ya soko. Nilikuwa nimebakiwa na siku chache tu, friza nimeshampata wa kulichukua. Alikuja na wanawake wengine wawili, wote wamejifunga vitenge vya kanisani, wamesimama mlangoni kama wageni. Nilipoona alichoshika mkononi, damu ilinipanda. Alishika jani la isale.

Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na juu ya makaburi ya wazee wetu. Ukimkosea mtu, ukataka suluhu, unafunga fundo jani la isale unampelekea. Akiletewa isale, mtu hana ujanja. Kukataa ni kujitafutia laana, na hata sisi tusiokosa ibada ya kwanza kanisani, tunaosema hatuamini laana, sijamwona aliyethubutu kujaribu. Lakini lina utaratibu wake. Hulileti mwenyewe. Unamtuma mtu mzima wa ukoo, linafika nyumbani, watu wanakaa, wanazungumza. Yeye kaniletea sokoni, juu ya meza ya chapati, mbele ya fundi viatu!

"Wifi," nikamwambia, "toa hilo jani hapa."

"Wifi yangu, tumekuja..."

"Isale haliletwi sokoni! Umelelewa wapi wewe? Unataka kunifunga mdomo mbele ya wateja? Simu yangu hukuipokea, leo umepata miguu ya kushuka na jani?"

Mmoja wa wale wanawake akaanza kusema wamekosa. Nikamwambia simkatazi kukosa, namkataza kukosea utaratibu. Wifi akalificha jani ndani ya kitenge. Uso wake ulikuwa umekwisha, macho yameingia ndani, na mimi nilimwona, nikajifanya simwoni. Fundi viatu akakohoa. "Mama, wape hata maziwa wanywe, wametoka mbali." Nikawapa. Wakanywa wamekaa kwenye benchi, benchi linagonga, ko, ko. Wakaondoka.

Nilidhani nimejipatia nafasi. Mpaka wampate mtu wa ukoo, wakubaliane siku, mimi nimeshafunga. Lakini sikumjua wifi yangu vizuri. Wiki hiyohiyo kaka yangu akanipigia: "Panda. Shangazi anakuita."

Shangazi yetu ndiye mkubwa aliyebaki. Ni mkali, hasikii vizuri, na hupenda mtindi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nilipanda nimembebea chupa. Baridi ilikuwa kali, ukungu umefunika migomba mpaka huoni nyumba ya pili. Ndani walikuwa wamekaa wote wanaonidai suluhu, wanawake wa maziwa, jiko la mkaa katikati. Shangazi akaupokea mtindi kwanza. Akanywa, akakunja uso.

"Huu ni wa nani?"

"Wa ng'ombe wa tambarare, shangazi."

"Ndiyo maana," akasema, akauweka chini. Kisha akachukua isale kutoka kwa wifi, likiwa na fundo lake, akaninyooshea. "Mwanangu, hawa wamekukosea. Walikuacha bila kukuaga. Wanasema hivyo wenyewe, mimi sijawalazimisha. Pokea."

Niliutazama mkono wake ulionyooshwa. Na sitasahau nilichokiwaza. Sikuwaza makosa yao. Niliwaza kwamba nikilipokea lile jani, hasira inakwisha, na hasira ikiisha, sina tena sababu ya kufunga duka. Kesho alfajiri ndoo zitashuka na mimi nitasimama. Nilitaka kulia kama mtoto anayeamshwa shule.

Nikalipokea. Ungefanya nini? Nikasema, "Nimesamehe." Wanawake wakapumua, mmoja akapiga kigelegele kidogo, wifi akanikumbatia akilia machozi ya kweli, na mimi pia nikalia, lakini yangu yalikuwa na mengine ndani yake. Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, ndoo za nani zianze, bodaboda aje saa ngapi. Shangazi akaniambia, "Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, shangazi."

"Sema kwa nguvu, sisikii."

"Nimechoka!" Nilipaza sauti kwa sababu yeye ni kiziwi, lakini ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, na wote wakanigeukia. "Nimewasamehe, kweli, nimewasamehe kwa moyo. Lakini nimechoka jamani. Nilikuwa nafunga. Si kwa sababu yenu. Nilisema ni ninyi, lakini si ninyi. Magoti yamekwisha. Tangu nilipoacha kazi ya watu, nimelala mpaka jua mara moja tu."

Mkaa ukalia jikoni. Wifi alikuwa bado amenishika mkono. Akaniuliza taratibu, bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Wifi, kwani nani alikukataza kupumzika?"

Nikafungua mdomo. Bwana wa watalii? Huyo nilimwachia funguo zake zamani. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunikataza kitu. Sikuwa na jina la kumtaja.

"Sasa si ungetuambia," akaendelea wifi. "Ukifiwa tunakuja. Ukiuguliwa tunakuja. Ukichoka je, hatuwezi kuja? Kanisa tunalifagia kwa zamu, duka litatushinda?"

"Hamjui friza," nikasema. "Mlango wake unainuliwa kidogo ndiyo unafunga. Na fundi viatu hataki sukari. Na maziwa yakichemka usiyaache hata..."

"Tangu nimeolewa nachemsha maziwa," akasema. "Lete funguo."

Nilizitoa kifuani, zilikuwa kwenye kamba. Mkono wangu ulikataa. Siwezi kueleza vizuri. Funguo za yule bwana niliziweka mezani kwa madaha, nikatoka nimeinua kichwa. Hizi zangu nilizishika, na wifi akangoja, na wenzake wakatazama pembeni kwa heshima kama watu wanaomngoja mtu amalize kuvaa. Shangazi, ambaye hakusikia hata nusu ya hayo, akauliza kama kuna mtindi mwingine, wa ng'ombe wa maana. Tukacheka. Katika kucheka, nikaziachia. "Aika," wifi akanong'ona, asante ya kwetu.

Kesho yake niliamka saa zangu zilezile. Mwili hauna habari ya likizo. Nikalala macho wazi nikisikiliza pikipiki inavyoshuka, nikajua ni ile yetu, kwa mlio. Nikajilazimisha kukaa kitandani. Nikahesabu makosa yote atakayofanya wifi. Jua lilipotoka nikashindwa, nikajifunga khanga nikaenda, nikijiambia napita tu.

Duka lilikuwa limejaa. Ile harufu ya maziwa ya kwetu yakichemka niliikuta barabarani kabla sijafika mlangoni. Wifi alikuwa nyuma ya meza yangu, amefunga kilemba, anacheka na wateja. Mtu mmoja alitaka kikombe, akapewa. Mwingine alitaka mtindi, akapewa. Mlango wa friza ukainuliwa kidogo, ukafunga. Hakuna aliyekuwa akiulizia mwenye duka yuko wapi. Nilisimama pale nje na nitasema ukweli, iliniuma. Nilidhani nikiondoka kitaanguka kitu.

Fundi viatu akaniona. Akasogea, akapigapiga mbao kando yake. "Kaa mama, nafasi ipo."

Nikakaa. Benchi likainama upande wangu, mguu ukagonga sakafu, ko. Nikashtuka nikamshika mzee mkono.

"Linayumba!" nikasema.

"Tumekwambia miaka mingapi," akasema yeye.

Wifi akainamia meza, kitambaa begani, akanitazama kama anavyomtazama kila mtu aliyeingia asubuhi ile.

"Karibu mama. Nikupe ya moto au mtindi?"

Nilitaka kumjibu kwa utani, kama kawaida yetu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa swali hilo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiliuliza kila siku. Nikapangusa macho kwa ncha ya khanga, watu wakajifanya wanatazama barabarani.

"Ya moto," nikasema. "Na sukari."